Usukani Ukiwa Mzito: Twende au Tukae?

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya jambo lililo dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo yake. Ni waya wa usukani wa boti, ule upitao kati ya gurudumu alilolishika nahodha na injini iliyoko tezi. Wengi katika sisi watu wa pwani twasafiri kwa boti hizi za faiba kila siku: kwenda kazini, kwenda kuzika, kwenda arusini, kupeleka wagonjwa hospitali. Walakini ni wachache wamjuao huyu mtumishi aliyefichwa chini ya ubao, ambaye roho za wote waliomo chomboni zimetundikwa kwake. Basi yatupasa tumjue, na tujue khasa ni wakati gani hafai tena kutumwa.

Na tuanze kwa mfano, kwani mfano hufahamisha upesi kuliko maneno matupu.

Mwenye boti moja katika Lamu amekodiwa kuchukua watu 12 kwenda Faza arusini. Ni mwezi wa Julai, Kusi yavuma. Njia yao ni kupita mlango wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, mwembamba, mikoko huku na huku. Nao maji yakipwa sana hupitika kwa taabu. Kwa hivyo wataka kuyawahi maji kujaa. Alfajiri nahodha, mtu mzima wa makamo, aingia chomboni na kulizungusha gurudumu. Kushoto laenda kwa uzito. Kulia lakwama, kisha laachia ghafula. Arudia mara ya pili, na hali ni ile ile. Akamwita mwenye chombo, kijana aliyeirithi boti hiyo kwa babake.

"Mwanangu, usukani huu leo hauniridhishi."

"Ami, si jana ulikwenda nao Matondoni ukarudi salama?"

"Nalikwenda, mwanangu, lakini kwa mikono miwili."

"Basi na leo mikono yote miwili unayo, ami. Watu wanangoja, na maji hayangoji."

Hapa ndipo penye suala letu. Kijana hakusema uwongo: watu wangoja kweli, na maji kweli hayangoji, kwani yakipita haya, kujaa kwengine ni baada ya saa 12 na dakika kadiri ya 25. Na nahodha naye hana hoja illa mkono wake umwambiao kuwa kitu kimegeuka. Je, ni nani afuatwe? Hatuwezi kujibu mpaka tujue kilichomo ndani ya uzito ule.

FASILI YA KWANZA: USUKANI WA BOTI HUFANYAJE KAZI

Katika jahazi na mashua, usukani ni ubao uliotundikwa kwenye fashini, na nahodha huugeuza kwa kana aliyoishika mkononi. Kati ya mkono na ubao hapana siri: kikilegea kitu hukiona, na kikivunjika hukisikia. Boti ya injini ya nyuma siyo hivyo. Haina ubao. Injini yenyewe ndiyo igeukayo, pamoja na rafadha yake, na yale maji yasukumwayo na rafadha ndiyo yaelekezayo chombo. Kwa hapa twafahamu mambo mawili. La kwanza, injini ikizimika, boti karibu haina usukani. La pili, injini ikiwa yafanya kazi na usukani umekatika, chombo hakisimami: huendelea kwa nguvu zake zote, illa sasa hakina wa kukielekeza.

Nyaya zenyewe ni za namna mbili. Namna ya zamani ni waya mmoja kila upande wa chombo, unaopita juu ya makapi mpaka kwenye injini. Huu huvuta tu, hausukumi. Nahodha akizungusha gurudumu upande mmoja huvutwa na mwengine hulegea. Namna iliyo nyingi sasa ni waya mmoja uliomo ndani ya gamba, ambao huvuta na kusukuma. Mwisho wake ni fimbo ya chuma inayoingia katika mrija ulio mbele ya injini, nao ni mrija ule ule ambao injini hubembea juu yake inapoinuliwa majini. Kutoka ncha ya fimbo ile pana kiungo kifupi kinachoshikana na injini. Gurudumu likizungushwa, meno yaliyo katika kisanduku nyuma yake huusukuma waya, waya huisukuma fimbo, fimbo huusukuma mkono wa kiungo, na injini hugeuka.

Hebu msomaji atazame silsila hii: gurudumu, kisanduku, waya, fimbo, mrija, kiungo, injini. Ni mnyororo wa pete saba, na hapana pete ya akiba. Ikikatika moja, zile sita hazifai kitu.

FASILI YA PILI: SABABU ZA UZITO

Usukani hauwi mzito pasipo sababu. Sababu zake kubwa ni hizi zifuatazo.

Ya kwanza ni grisi kukauka ndani ya mrija. Maji ya chumvi huingia kila safari, grisi huoshwa, na ile inayobaki huganda mfano wa gundi. Kisha kutu hushika, na kutu hula nafasi. Pale palipokuwa na uwazi wa fimbo kupita pepesi, sasa hapana. Boti iliyofungwa gatini majuma mengi bila ya kutumiwa huingiwa na maradhi haya upesi kuliko ile itumiwayo kila siku.

Ya pili ni waya wenyewe kuharibika ndani ya gamba lake. Jua hulikausha gamba likapasuka, au husuguliwa na ubao likatoboka, na maji yakaingia. Waya wa ndani hushika kutu ukavimba, na gamba nalo huonekana limefura. Maradhi haya hayana dawa, kwani grisi haifiki huko ndani.

Ya tatu ni waya kupindwa pindo kali kuliko ulivyotengenezwa kuhimili, khususan pale fundi alipolazimisha waya mfupi au mrefu kupita kiasi.

Ya nne ni ekseli ya injini yenyewe, ile injini igeukayo juu yake, kukosa grisi. Hapo waya ni mzima, lakini wasukuma mlango uliokwama.

Na zaidi ya uzito pana alama nyengine, nayo ni kucheza. Gurudumu likizungushwa kidogo na injini isitikisike, maana yake ni kuwa kitu kimelika: ni meno ya kisanduku, au ni kiungo, au ni waya uliopwaya ndani ya gamba. Uzito ni alama ya kitu kilichokauka. Kucheza ni alama ya kitu kilicholika. Vikikutana viwili hivi katika usukani mmoja, basi mwenye chombo asijidanganye: hiyo si alama tena, hiyo ni barua iliyokwisha andikwa na kutiwa muhuri.

FASILI YA TATU: JINSI YA KUPIMA

Twaona wengi, usukani ukiwa mzito, huchukua mafuta mepesi wakamimina juu ya fimbo, wakalizungusha gurudumu kwa nguvu mara kumi, wakasema, "Umelainika." Huku siko kupima, huku ni kuunyamazisha. Mafuta mepesi hulainisha kwa muda, na papo hapo huyeyusha ile grisi kidogo iliyobaki. Kupima kwa haki ni kutenganisha pete za mnyororo moja moja, mpaka ijulikane ni ipi yenye kosa. Kazi hii hufanywa injini imezimwa, na haichukui zaidi ya saa moja kwa mtu mwenye spana mbili.

Hatua ya kwanza: fungua kiungo kinachoshika injini, kisha igeuze injini kwa mikono, kushoto na kulia. Ikiwa ni nzito, kosa liko katika ekseli yake, na ipewe grisi kwenye vitundu vyake. Ikiwa yageuka pepesi, injini haina lawama, nenda hatua ya pili.

Hatua ya pili: kiungo kingali kimefunguliwa, lizungushe gurudumu. Likiwa pepesi sasa, uzito ulikuwa wa injini. Likiwa zito bado, uzito uko katika mrija, au waya, au kisanduku.

Hatua ya tatu: fungua nati kubwa ishikayo waya kwenye mrija, uitoe fimbo nje kabisa, kisha ulizungushe gurudumu tena. Likiwa pepesi, kosa ni uchafu wa mrija. Likiwa zito vile vile, mrija hauna lawama peke yake. Kosa liko katika waya au kisanduku.

Hatua ya nne: ufungue waya kwenye kisanduku. Kisanduku kikizunguka pepesi bila ya waya, basi imethubutu kuwa waya ndio mbovu.

Na wakati fimbo iko nje, itazamwe vizuri. Ikiwa imepinda, au kutu imeila ikawa na vishimo, waya mzima wabadilishwa, kwani fimbo na waya ni kitu kimoja. Na gamba lipapaswe kwa mkono toka mwanzo hatta mwisho: palipovimba, palipopasuka, palipotoka maji ya rangi ya kutu, hapo ndipo penye jawabu. Kwa nyaya za zamani za makapi, pitisha kitambaa juu ya waya, usipitishe kiganja; nyuzi zilizokatika zitakamata kitambaa, nazo ni shahidi kuwa waya umeanza kufa.

FASILI YA NNE: HUKUMU

Baada ya kupima, mambo hayatoki katika hali tatu.

Hali ya kwanza: imejulikana kuwa uzito ni wa uchafu na ukavu tu. Mrija umesuguliwa kwa brashi mpaka ukang'aa, fimbo imepanguswa, grisi isiyooshwa na maji imetiwa, na sasa gurudumu laenda pepesi toka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia bila ya kukwama wala kucheza, na gamba ni zima. Huyu aende. Lakini aende kwanza yeye peke yake, karibu na gati, polepole kisha kwa mwendo, ageuze mara nyingi kushoto na kulia, ndipo aitie abiria.

Hali ya pili: imejulikana kuwa waya wenyewe, au fimbo, au meno ya kisanduku, ndiyo mabovu. Huyu asiende. Wala hapana safari fupi katika hukumu hii, wala bahari shwari.

Hali ya tatu: hakujua. Hakuwa na spana, au hakuwa na nafasi, au alifungua akaona asiyoyafahamu. Huyu hukumu yake ni ile ya hali ya pili. Asiyejua kuwa waya wake ni mzima, achukulie kuwa ni mbovu mpaka ajue.

Mtu atauliza: mbona hukumu hii ni kali? Jawabu ni kuwa waya haufi kama afavyo mzee, kidogo kidogo mpaka watu wakajua. Hukaa mzito siku nyingi, kisha siku moja hukwama kabisa au hukatika kwa mara moja. Na siku hiyo mara nyingi ni ile uliyotiwa nguvu zaidi, yaani nahodha alipotaka kugeuza kwa haraka ili kukwepa mwamba, au wimbi, au chombo kingine. Kwa hivyo waya mbovu hukuvumilia wakati huna haja nayo, na hukukhini wakati wa haja.

Tufanye na hisabu. Boti iendayo mwendo wa noti 20 hupita kadiri ya kilomita 37 kwa saa, yaani kama mita 10 kwa kila sekunde. Mwamba ulioko mita 50 mbele ni wa sekunde 5 tu. Katika sekunde 5 hizo nahodha yampasa azungushe gurudumu, aone kuwa halitii, asadiki kuwa halitii, kisha akumbuke kupunguza injini. Ni nani katika sisi mwenye kuweza hayo kwa utulivu?

Na tena, rafadha izungukayo huwa na tabia ya kuivuta injini upande mmoja. Waya ukikatika, injini huweza kujigeuza yenyewe mpaka mwisho wa upande huo, na boti ikapiga duara kali kwa ghafula. Waliosimama huanguka, na walioketi ukingoni hurushwa majini. Na chombo kilicho katika duara hurudi pale pale kilipowarusha watu, na rafadha inazunguka.

FASILI YA TANO: HOJA ZA WENYE KUTAKA KWENDA

Hoja ya kwanza husema, "Jana ulikwenda." Ni kweli, lakini jana si dalili ya leo kwa kitu kinacholika. Kila waya uliokatika, jana yake ulikuwa haujakatika. Lau waya ungalikuwa vile vile kama siku zote, jana ingalikuwa hoja. Lakini nahodha amekwisha sema kuwa umegeuka. Nasi katika mambo yetu mengine twafundishwa tusiache yakini kwa ajili ya shaka, na ni vyema. Walakini uzito huu sio shaka. Shaka ni wasiwasi usio na alama. Uzito ni alama iliyo mkononi.

Hoja ya pili husema, "Tutakwenda polepole." Polepole hupunguza madhara, hilo halikataliwi. Lakini haliondoi mkondo wa Mkanda, wala haliondoi mawimbi ya Kusi mtokapo nje ya mlango. Chombo kisicho na usukani katika mawimbi hulala ubavu, na chombo kilicholala ubavu, kimejaa watu, hakihitaji mwendo ili kipinduke.

Hoja ya tatu husema, "Sisi tumetawakali." Hii ndiyo hoja inayotuhuzunisha zaidi, kwa kuwa yatumia neno tukufu mahali pasipo pake. Kutawakali ni mtu kufanya yale yaliyo katika uwezo wake, kisha akamwachia Mwenyezi Mungu yale yasiyo katika uwezo wake. Upepo hauko katika uwezo wako. Basi tawakali kwa upepo. Nati ya mrija iko katika uwezo wako, na spana iko sandukuni. Asiyefungua nati akasema ametawakali, huyo hakutawakali, amevivia.

Hoja ya nne husema, "Watu wametoa nauli na wangoja." Hii ni hoja ya haya, na haya ni sifa njema, lakini ielekezwe mahali pake. Abiria hawakukupa nauli tu, wamekupa na amana. Mama aliyempakata mwanawe hajui mrija ni nini wala hajui fimbo. Yeye amekutazama uso wako tu akaingia. Kumwambia, "Leo hatuendi, chukua nauli yako," ni aibu ya nusu saa. Na akishukia njiani kwa kuchagua kwako wewe usichomwambia, hiyo ni aibu isiyokwisha. Lililo dogo kabisa ni kumpa khabari. Kwani aliyeficha ila ya chombo amewaamulia watu jambo la roho zao bila ya idhini yao.

FASILI YA SITA: MIFANO YA KWELI

Asidhani mtu kuwa mambo haya ni ya vyombo vidogo tu na watu wasio na elimu. Tarehe 16 Machi 1978, meli kubwa ya mafuta iitwayo Amoco Cadiz ilikuwa ikipita karibu na pwani ya Brittany, katika Ufaransa. Mitambo ya usukani wake, iendeshwayo kwa nguvu ya mafuta ndani ya mabomba, ikaharibika, na usukani usishike tena. Injini ilikuwa nzima, mabaharia walikuwa stadi, na meli ya kuivuta ilikuja. Hayo yote hayakufaa. Ilipanda mwamba, ikakatika, na tani zaidi ya 200,000 za mafuta zikamwagika baharini zikaharibu pwani na riziki za wavuvi. Kesi ikapelekwa Marekani, na mwaka 1984 mahakama ikahukumu kuwa wenye meli walizembea katika kuitunza mitambo ile. Basi tazama: bahari haikuulizwa, upepo haukushitakiwa, walioulizwa ni waliopewa dhamana ya usukani.

Mfano wa pili ni wa boti ndogo. Tarehe 5 Mei 2013, karibu na Padstow katika Uingereza, watu 6 wa nyumba moja walirushwa majini na boti yao iliyogeuka kwa ghafula. Hapo usukani haukuwa mbovu, lakini kamba ya kuzimia injini haikuwa imefungwa kwa aliyeshika usukani. Kwa hivyo boti ikaendelea kuzunguka yenyewe na kuwapiga wale waliokuwa majini. Wawili wakafa, baba na mtoto wa miaka 8, na wengine wakajeruhiwa vibaya. Twautaja mfano huu kwa sababu ndivyo ifanyavyo boti iliyokosa wa kuielekeza, iwe sababu ni kamba au ni waya. Nao Wamarekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sharia yao yamlazimu mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26 iliyowekewa swichi hiyo ajifunge nayo anapokwenda kwa mwendo. Kamba yenyewe ni fupi na thamani yake ni ndogo. Nahodha akianguka huvutika na injini huzimika papo hapo.

FASILI YA SABA: UKIFIKWA NALO BAHARINI

Ikiwa usukani umekwama au umekatika mko njiani, kwanza punguza injini upesi, kisha uizime. Usishindane na gurudumu hali chombo chaenda. La pili, waambie watu wakae chini katikati ya chombo na wavae majaketi ya kuokolea. La tatu, tia nanga ikiwa maji ni ya kina cha kufikia, kabla mkondo haujawapeleka mwambani. Kamba iwe ndefu. La nne, toa makasia umweke omo kukabili mawimbi. La tano, ita msaada kwa simu au redio, utaje mahali mlipo. Ikiwa waya umekatika, na kiungo chaweza kufunguliwa, injini ndogo huweza kugeuzwa kwa mikono kwa mwendo wa pole sana. Lakini hapana mtu kuinama juu ya injini iliyo katika mwendo wa kasi. Na mwenye injini mbili huweza kujielekeza kwa kuongeza moja na kupunguza ya pili, polepole mpaka bandarini.

FASILI YA NANE: MATUNZO

Kinga ya haya yote si ghali. Baada ya safari, osha mrija na fimbo kwa maji matamu. Ukifunga chombo, acha injini imegeuzwa upande ule ambao fimbo imeingia ndani ya mrija, isibaki nje ikaliwa na chumvi. Kila baada ya muda mfupi toa fimbo, ipanguse grisi kuukuu, utie mpya.

Na hapa pana onyo ambalo wengi hawalijui. Ikiwa waya wako una kitundu cha kutilia grisi, ingiza fimbo ndani kabisa kabla ya kutia. Ukitia grisi hali fimbo imetoka nje, grisi hujaa ndani pasiwe na pa kwenda, na usukani hukwama kwa ile ile grisi uliyoitia kwa nia njema. Kwa hivyo hatta wema wataka elimu.

Waya ukiwa mbovu, ubadilishwe. Usiungwe, usichomelewe, usifungwe kamba. Waya mpya uwe wa urefu ule ule wa wa kwanza, kwani nambari yake aghlabu imeandikwa juu ya gamba. Na ikiwa boti ina nyaya mbili na mmoja umekufa, badilisha zote mbili, kwani zimezaliwa siku moja na zimekunywa chumvi moja.

KHATIMA

Na sasa tuurudie mfano wetu. Yule kijana alinyamaza kidogo, akautazama uso wa ami yake, kisha akaleta spana. Walipotoa fimbo waliiona imeliwa na kutu upande wa chini, na gamba limevimba pale lipitapo chini ya ubao. Kijana akaenda gatini akawaambia watu kweli yote, akawarejeshea nauli. Wengine walikasirika, na mzee mmoja alisema maneno mazito mbele ya watu. Wakatafuta boti nyingine, na maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupwa. Walifika Faza nikaha imekwisha kusomwa na vyakula vimekwisha kuliwa. Kijana alipoteza nauli ya siku ile, na siku nne zaidi akingoja waya mpya kutoka Mombasa. Hapana aliyemshukuru, kwa sababu hapana aliyejua kilichomkosa.

Hivyo ndivyo ilivyo, ndugu msomaji. Ajali iliyozuiliwa haionekani, na mwenye kuizuia haimbiwi. Ujira wake ni kulala usingizi. Basi wewe uliye nahodha, mkono wako ukikwambia kitu, usiunyamazishe. Na wewe uliye mwenye chombo, nahodha wako akikwambia kitu, usimhisabu kuwa ni mwoga. Na wewe uliye abiria, ukiambiwa leo hatuendi, sema ahsante kabla ya kuuliza nauli. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuafikia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini boti ya injini ya nyuma, waya ukikatika, ina khatari kuliko injini ikizimika?
2. Taja hatua nne za kupima uzito wa usukani, na ueleze kila moja yathubutisha nini.
3. Gurudumu ni zito na papo hapo lacheza. Utahukumu nini, na kwa dalili gani?
4. Kuna tafauti gani kati ya kutawakali na kuvivia? Toa mfano kutoka kazi yako mwenyewe, hatta kama si ya bahari.
5. Lau ungalikuwa wewe ndiye mwenye boti asubuhi ile, na watu 12 wanakutazama, ungaliwaambia maneno gani?